Majira ya michezo ya mtandaoni yasiyolingana na kalenda ya Kimbo

DESEMBA inapowadia Kimbo, mtaa ulioko Ruiru kandokando ya Barabara Kuu ya Thika, mvua za vuli huwa zinaelekea ukingoni na watoto wako nyumbani kwa likizo ndefu. Lakini ndani ya michezo mingi ya mtandaoni inayochezwa kwa simu, kompyuta na konsoli, mwezi huo huo huleta theluji, baridi kali na miti isiyokuwa na majani.

Hali hiyo haitokani na kosa la mitambo. Michezo mingi ya siku hizi hufungamanisha majira yaliyo ndani yake na wakati halisi wa duniani, na mara nyingi wakati huo hupimwa kwa saa na kalenda ya nchi alikotoka mbunifu, hasa Japani, Marekani na Uingereza.

Mchezaji wa Afrika Mashariki huyalipia mapambo hayo. Saa ya mchezo huamua atalala saa ngapi, atanunua bando la data lini, na iwapo mtoto wa shule atashindania zawadi wakati wa likizo au katikati ya mitihani. Makala haya yanafafanua jinsi mfungamano huo unavyofanya kazi, asili yake, na jinsi mchezaji aliye karibu na ikweta anavyoweza kuuelewa na kujipangia.

MAJIRA NA MSIMU

Kiswahili kina maneno mawili yanayosaidia kulipambanua suala hili, ingawa katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Majira ni vipindi vya mwaka vinavyoletwa na jua, upepo na mvua, yaani masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Msimu ni kipindi kinachotengwa kwa shughuli fulani, kama vile msimu wa kuvuna kahawa au msimu wa ligi ya kandanda.

Neno msimu lina asili ya Kiarabu, na neno hilo hilo la Kiarabu ndilo chimbuko la jina ambalo Wazungu walizipa pepo za kusi na kaskazi zilizokuwa zikiendesha majahazi katika Bahari ya Hindi. Hapo kale mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja, kwa kuwa upepo ndio uliopanga shughuli.

Katika michezo ya mtandaoni, mambo hayo yametengana. Yapo majira ya mchezo, ambayo ni theluji, mvua, maua na jua linalochomoza na kutua. Ipo pia misimu ya mchezo, ambayo ni vipindi vya wiki kadhaa vilivyopangwa na kampuni, kila kimoja kikiwa na mashindano, zawadi na ada zake. Mchezo mmoja unaweza kuwa na vyote viwili, kimoja tu, au kukosa vyote.

SAA TATU ZA MCHEZO

Wabunifu hutumia mojawapo ya saa tatu.

Ya kwanza ni saa ya mchezo wenyewe, isiyojali wakati halisi. Katika Minecraft, usiku na mchana mzima hupita kwa dakika 20. Katika Final Fantasy XIV, siku moja ya ulimwengu wa mchezo huchukua dakika 70. Stardew Valley, mchezo wa ukulima uliotoka mwaka wa 2016, una majira manne ya siku 28 kila moja, na siku hizo huenda tu wakati mchezo unapochezwa. Mkulima wake akiuacha mwezi mzima, atayakuta mazao yalivyokuwa.

Ya pili ni saa ya chombo anachotumia mchezaji. Mfano maarufu ni Animal Crossing wa kampuni ya Nintendo, uliotoka kwanza nchini Japani mwaka wa 2001. Ikiwa ni usiku chumbani kwa mchezaji, huwa ni usiku kijijini mwake, na maduka ya humo hufungwa. Michezo ya Pokémon Gold na Silver ya mwaka wa 1999 nayo ilikuwa na saa ndani ya kaseti yake, hivyo baadhi ya viumbe walionekana usiku tu.

Udhaifu wa saa ya pili ni kwamba mchezaji anaweza kuigeuza. Anayetaka kuvuna leo kilichopaswa kuiva wiki ijayo huisogeza mbele tarehe ya chombo chake. Mchezo wa mtu mmoja hauumizwi na hila hiyo, lakini pale ambapo watu wengi hushindana, haki hutoweka.

Kwa sababu hiyo, michezo mingi ya mtandaoni hutumia saa ya tatu, ambayo ni ya seva, yaani kompyuta kuu za kampuni. Wachezaji wote huona wakati mmoja, popote walipo, na hakuna awezaye kuugeuza. World of Warcraft, uliotoka mwaka wa 2004, hufuata saa ya seva kwa usiku na mchana wake, na huwa na sherehe ya kipupwe kila Desemba. Forza Horizon 4, mchezo wa magari wa mwaka wa 2018, ulibadilisha majira kwa wachezaji wote pamoja kila Alhamisi, hivi kwamba mwaka mzima ulipita kwa wiki nne.

KAHAWA YA SAA 16

Mchezo uliowafundisha watu wengi kuishi kwa kufuata saa ya seva ni FarmVille wa kampuni ya Zynga, ulioanza katika Facebook mwezi Juni 2009. Mwaka huo huo, nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifikishwa Mombasa, na intaneti ya kasi ikaanza kupatikana kwa urahisi zaidi nchini Kenya.

FarmVille haukuwa na masika wala vuli. Kila zao lilipewa muda wake halisi wa kuiva. Stroberi zilichukua saa nne, na kahawa saa 16. Mchezaji aliyepanda kahawa saa mbili usiku alipaswa kurejea kuanzia saa sita mchana siku iliyofuata, na asipovuna kwa wakati, mazao yalinyauka. Mchezo huo ulifungwa tarehe 31 Desemba 2020.

Wakazi wa Ruiru wanaijua kahawa ya namna nyingine. Mji huo ndio makao ya utafiti wa kahawa nchini, na aina ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985, ilipewa jina lake. Mbuni wa aina hiyo, unaosifika kwa kuzaa mapema, huanza kuzaa baada ya miaka miwili hivi, na tangu ua kuchanua hadi tunda kuiva hupita takriban miezi minane. Maua yenyewe huchanua mvua inaponyesha baada ya ukavu. Mbuni husubiri mvua, hausomi tarehe.

Hapo ndipo tofauti iliyopo kati ya saa ya mchezo na majira halisi inapoonekana. Saa ya seva huahidi kitu kitatokea saa fulani, dakika fulani, na hutokea. Mvua haitoi ahadi hiyo. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo ilitoa mvua chache katika maeneo makavu ya Kenya. Kisha masika ya 2024 yakaleta mafuriko makubwa yaliyoua watu na kubomoa makazi. Kalenda ilikuwa ile ile.

MAJIRA MANNE YA NANI?

Wabunifu wengi huchukulia kwamba mwaka una majira manne, yaani kuchipua kwa mimea, joto, kupukutika kwa majani, na baridi. Mgawanyo huo ni sahihi Tokyo, London na New York. Haufai kwa nchi zilizo karibu na ikweta.

Kimbo iko kiasi cha digrii moja tu kusini mwa ikweta. Urefu wa mchana wake hubadilika kwa dakika chache tu mwaka mzima, ilhali London mchana huwa wa takriban saa nane mwezi Desemba na zaidi ya saa 16 mwezi Juni. Ndiyo maana Waswahili waliweza kuhesabu saa kuanzia macheo. Jua hapa halibadilishi saa zake kiasi cha kuvuruga hesabu hiyo.

Kinachobadilika ni mvua. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kati yake huja baridi ya Juni hadi Agosti, ambayo huwafanya wakazi wa Kiambu kuvaa masweta, na joto kavu la Januari na Februari. Wakikuyu, ambao ni wenyeji wa sehemu hizi, waliugawa mwaka kwa mvua ya njahi na mavuno yake, kisha mvua ya mwere na mavuno yake. Hayo nayo ni majira manne, lakini yalipewa majina kutokana na chakula kilichokuwa shambani.

Pwani ilikuwa na hesabu yake. Mwaka wa Kiswahili huanza kwa Nairuzi, na huhesabiwa kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, ambayo mabaharia na wakulima waliyatumia kujua wakati wa kusafiri na wa kupanda. Sherehe ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi, Zanzibar, ambayo huadhimishwa mwezi Julai, ni mabaki hai ya kalenda hiyo.

Wabunifu wa kigeni wamejaribu kulirekebisha tatizo hili kwa njia mbalimbali. Katika Pokémon Black na White, iliyotoka mwaka wa 2010, majira yalibadilika kila mwezi wa kalenda. Januari ilikuwa ya kuchipua, Februari ya joto, Machi ya kupukutika, Aprili ya baridi, kisha mzunguko ukaanza upya. Hivyo kila jira lilipatikana mara tatu kwa mwaka, na hakuna nchi iliyoweza kudai kwamba kalenda hiyo ni yake.

Animal Crossing: New Horizons, uliotoka Machi 2020, humwuliza mchezaji mwanzoni iwapo anaishi nusu ya kaskazini au ya kusini ya dunia. Pokémon GO, ambao tangu Desemba 2020 umegawanywa katika misimu ya takriban miezi mitatu, huonyesha baadhi ya viumbe kulingana na nusu ya dunia aliko mchezaji.

Swali hilo la kaskazini au kusini lina jibu rahisi Sydney na Berlin. Nchini Kenya lina utata. Mstari wa ikweta unapita Nanyuki, na mtu anaweza kuuvuka kwa miguu. Hata hivyo, mkazi wa Kimbo ana sababu nzuri ya kuchagua kusini, mbali na kwamba ndiko aliko. Theluji ya mchezo itaanguka kuanzia Juni, wakati wa baridi ya Kiambu, badala ya Desemba wakati wa likizo. Mvua mbili za mwaka hatazipata popote.

Forza Horizon 5 wa mwaka wa 2021, ambao mandhari yake ni ya nchi ya Meksiko, ulikwenda hatua zaidi. Badala ya majira ya Ulaya, uliweka majira ya mvua, ya dhoruba, ya ukavu na ya joto. Ni ushahidi kwamba mchezo wa kampuni kubwa unaweza kufuata mbingu za nchi za joto, na bado ukapata wachezaji duniani kote.

MSIMU UNAOFUATA KANDANDA

Katika vibanda vya michezo ya video vilivyoenea mitaani, kalenda inayotawala zaidi ni ya kandanda ya Ulaya. Toleo jipya la mchezo wa kampuni ya EA, uliokuwa ukiitwa FIFA hadi 2022 na sasa EA Sports FC, hutoka kila mwaka karibu na mwezi Septemba, ligi za Ulaya zinapokuwa zimeanza. Mwenye kibanda asiyenunua toleo jipya hubaki na wachezaji waliokwisha kuhama timu.

Kampuni ya Konami, iliyoubadilisha mchezo wake wa PES kuwa eFootball mwaka wa 2021 na kuufanya wa bure, hupandisha na kushusha hali ya wachezaji kila wiki kufuatana na mechi halisi. Mshambuliaji aliyefunga mabao Jumapili huwa mkali zaidi mchezoni wiki inayofuata. Konsoli isiyounganishwa na intaneti haipokei mabadiliko hayo, na saa yake ya kandanda husimama.

Kalenda ya Ulaya haikuvivuta vibanda peke yake. Ligi Kuu ya Kenya ilikuwa ikianza na kumalizika ndani ya mwaka mmoja hadi 2018, ndipo ikahamia mtindo wa kuanza mwaka mmoja na kumalizika mwaka unaofuata, kama ligi za Ulaya.

GHARAMA YA SAA YA MWINGINE

Misimu yenye ada ndiyo inayoleta hasara kubwa zaidi. Mtindo wa kuuza tiketi ya msimu ulipata umaarufu kupitia Fortnite kuanzia mwishoni mwa 2017, na leo umeenea katika michezo ya simu kama vile PUBG Mobile na Call of Duty: Mobile. Mchezaji hulipa ada, kisha hutakiwa kutimiza majukumu ya kila siku na ya kila wiki ili apate zawadi. Msimu ukimalizika, asichokipata hupotea, hata kama amelipa.

Siku ya mchezo inayoanza saa sita usiku kwa saa za Greenwich huanza saa tisa usiku Kimbo. Anayetaka kumaliza majukumu ya jana hukesha, na anayetaka kuwa wa kwanza katika ya leo huamka alfajiri. Bando la data la saa 24 lililonunuliwa jioni hugawanyika kati ya siku mbili za mchezo.

Kuna pia suala la shule. Makampuni hupanga matukio makubwa mwezi Julai, wanafunzi wa Ulaya na Marekani wanapokuwa kwenye likizo ndefu. Nchini Kenya, sehemu kubwa ya Julai ni ya muhula wa pili. Mtoto wa Kimbo hushindania zawadi hizo dhidi ya watoto wasio na kazi za shule, na mzazi asiyejua kalenda ya mchezo hubaki kushangaa kwa nini mwanawe amekuwa mzito kuamka wiki hizo hasa.

Mfungamano na wakati halisi una faida zake pia. Hauwezi kuharakishwa, na kwa hiyo humlazimisha mchezaji kupumzika. Huwakutanisha marafiki waliotawanyika, kwa kuwa wote huona sherehe moja siku moja. Tena zipo kampuni zinazoheshimu saa ya mahali. Siku ya Jumuiya ya Pokémon GO, kwa kawaida, huwa kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja mchana kwa saa za kila nchi. Mchezaji wa Thika na wa Toronto hupata saa tatu zile zile za mchana, hakuna anayekesha.

Hilo ndilo somo kwa wabunifu wa Afrika Mashariki, ambao wamekuwa wakitengeneza michezo yao tangu Wesley Kirinya alipotoa The Adventures of Nyangi nchini Kenya mwaka wa 2007. Mchezo wa ukulima wenye masika na vuli, ambamo mvua huweza kuchelewa kama inavyochelewa shambani, ungeeleweka Kimbo, Arusha na Mbale bila maelezo.

SAA ZA KUKUMBUKA

Simu huandika saa kwa mtindo wa Kizungu. Tangazo la mchezo linaloandika 03:00 kwa saa za Kenya linamaanisha saa tisa usiku, si saa tatu. Kenya haibadilishi saa zake katika mwaka, lakini Uingereza na Marekani hubadilisha, na hapo ndipo wengi hupitwa na tukio kwa saa moja.

Saa sita usiku kwa saa za Greenwich ni saa tisa usiku Kenya, mwaka mzima.

Saa sita usiku Tokyo ni saa kumi na mbili jioni Kenya, mwaka mzima, kwa kuwa Japani nayo haibadilishi saa.

Saa kumi na mbili jioni London, wakati ambapo EA kwa desturi hutoa wachezaji wapya wa mchezo wake wa kandanda, ni saa mbili usiku Kenya kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Miezi mingine ni saa tatu usiku.

Saa sita usiku California ni saa nne asubuhi Kenya kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Miezi mingine ni saa tano asubuhi.

Kabla ya kulipia tiketi ya msimu, ni busara kutazama tarehe ya mwisho wake, kuhesabu siku zilizobaki, na kuzilinganisha na kalenda ya shule au ya kazi. Michezo mingi huonyesha hesabu hiyo kwenye ukurasa wa tiketi yenyewe. Anayenunua zikiwa zimebaki siku chache hulipa ada kamili kwa kipande cha msimu.